Mpagazi wa Kilimanjaro

Ulibaki urefu wa mkono mmoja tu kati ya Yeremia na yule bibi, na hapo ndipo Yeremia alipogeuza uso.

Watu waliosimama chini waliguna. Bibi alikuwa amekwama katikati ya jiwe, kwenye ukingo mwembamba usiotosha hata kukaa, kaniki yake ikipigwa na upepo. Upande wa Manyoni mbingu zilikwisha kuwa nyeusi. Mvua ya kwanza ya mwaka ule wa sabini na nne ilikuwa njiani, na jiwe lile likilowa huteleza kama mlenda.

"Mpe mkono!" alipaza sauti mwalimu Othmani. "Unangoja nini, bwana? Mpe mkono!"

Yeremia hakumpa. Alijibana kwenye ukuta wa jiwe, macho kafumba.

Mwalimu Othmani hakushangaa sana, na hilo ndilo lililomuuma. Mwezi uliopita, katika darasa la kisomo cha watu wazima, alikuwa ametundika picha ya milima mirefu ya dunia, Everest mbele, Kilimanjaro ikifuata kwa mbali. Yeremia akasimama na kusema kwamba Kilimanjaro amefika kileleni mara saba, mizigo ya wazungu kichwani, na kwamba huko juu ugali huwa mgumu kama kigae. Darasa zima lilicheka. Mwalimu, mtoto wa mwenye duka wa Singida mjini, alimpima kwa macho: kijitu chembamba, kipole, kinachoomba radhi hata kikikanyaga kivuli cha mtu. Debe tupu haliachi kuvuma, alijisemea.

Lakini leo walikuwa hawana mwingine. Kijiji kilikuwa kipya, malori bado yakishusha watu na vyungu vyao, majirani hawajajuana hata majina. Bibi huyu alishushwa jana jioni. Asubuhi mbuzi wake alipanda jiwe, akala majani, akashuka zake. Bibi aliyemfuata hakuweza kushuka. Mwenyekiti Damiani alimkimbilia Yeremia shambani akamwambia kuna bibi mgeni kakwama, na Yeremia akachukua kamba ya katani bila kuuliza neno. Mkewe, Maria, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kisimani, mwendo wa nusu siku.

"Labda kizunguzungu," alisema Damiani.

"Kizunguzungu gani? Huyu hajapanda hata kichuguu!"

Ndipo wote wakamsikia Yeremia akizungumza, uso wake bado ukutani.

"Jiwe," alisema kwa sauti ya adabu, "lisitazame chini. Lijishikilie hapo hapo."

Na bibi, ambaye naye alikuwa ametazama pembeni, akajibu: "Jiwe, miguu imekufa ganzi. Lifanye haraka."

Mwalimu alijishika kichwa. Alikuwa amewafundisha mwenyewe kwamba kwenye vilele virefu hewa hupungua na watu hupotewa na akili. Lakini jiwe hili halikuzidi minara miwili ya kanisa! Hofu ilimwingia, hofu ya kweli, kwamba atashuhudia bibi wa watu akifa kwa sababu ya majigambo ya mtu mmoja.

Kisha Yeremia akamwacha. Akashika upande wa kushoto, ule usio na ufa wala kishikio, akaanza kupanda kwenda juu zaidi.

"Anamkimbia!" Mwalimu alilisogelea jiwe. "Yeremia! Huna hata haya?"

Tone la kwanza lilimwangukia mwalimu kwenye paji la uso. Mguu wa Yeremia ukateleza, akabaki ananing'inia kwa vidole. Mwanamke mmoja alianza kusali. Yeremia akajivuta, akatulia, akajivuta tena, mpaka akaufikia mtini ulioota kileleni. Akauzungushia kamba shinani. Akageuka, akaupa ukingo mgongo, na ncha ya kamba akaitupa nyuma yake bila kutazama inakoangukia.

"Jiwe, liipitishe chini ya makwapa. Mafundo mawili."

"Jiwe, tayari."

Akaanza kumshusha, kidogo kidogo, mgongo vile vile. Damiani ndiye aliyekuwa akimwongoza kwa kelele, taratibu, subiri, haya legeza. Kamba ilimchuna viganja, na walio karibu waliona katani ikibadilika rangi kuwa nyekundu. Mwalimu aliiona damu ile, lakini hasira haikumtoka. Nani anamteremsha binadamu kama gunia la mtama, hata kumtazama asimtazame?

Miguu ya bibi iligusa ardhi, vigelegele vikapigwa, na mvua ikamwagika yote kwa pamoja.

"Shuka sasa, shujaa!" aliita mwalimu.

"Nitashuka baadaye, mwalimu," ilijibu sauti kutoka upande wa pili wa mtini. "Ninyi nendeni."

"Mnaona? Bingwa wa Kilimanjaro anaogopa kushuka!" Watu walicheka kwa nguvu, kama wachekavyo waliokwisha kuogopa. Mwalimu naye alicheka, akaona moyo umepoa. Akamshika bibi mkono kumpeleka shuleni ajikinge na mvua.

Njiani walikutana na Maria anakuja mbio kutoka kisimani, ndoo kichwani. Alipowaona alisimama ghafla, na ndoo ikamponyoka.

"Mama! Shikamoo, mama! Wamekuleta lini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Jana." Bibi alijifuta maji usoni kwa pindo la kaniki. "Nenda haraka kamwambie mumeo ashuke, jiwe limelowa. Mimi nimeshaondoka, hatakutana na mkwewe uso kwa uso."