Joto la Njugu

"Kaa," Fundi Saa alimwambia mbwa wake. "Na akija mgeni, usimgeuzie mgongo."

Jemedari akakaa. Alikuwa dume wa manyoya marefu na kifua kipana, na ukimtazama kwa mbele usingeshuku kwamba alihasiwa miaka mitano iliyopita, baada ya kutoroka mara tisa na kurudi mara tisa na majeraha.

Mgeni mwenyewe hakujua. Alikuwa mjane wa nyumba ya tatu, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Siku ya kwanza aliposimama langoni akauliza kama dume huyu ana watoto, ulimi wa Fundi Saa ulijibu kabla ya akili. "Kumi na wawili," alisema. "Wote kopi yake." Ulimi hauna mfupa.

"Basi mimi nina jike, anaitwa Njugu," akasema yule mama. "Akiingia kwenye joto nitamleta."

Tangu hapo alikuwa amemleta mara tatu. Fundi Saa, aliyekaa miaka arobaini akifungua na kufunga saa za watu, hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliazima kitabu cha mifugo akakisoma chote, na sasa alikuwa na la kuzungumza. Siku tisa hivi za mwanzo jike hutoka damu nyekundu na humfukuza dume. Kisha damu hupauka, mkia huenda kando, na hapo ndipo penyewe. Ukizikosa siku hizo chache, rudi nyumbani ukasubiri miezi sita.

"Damu ikoje leo, mama?" aliuliza kila asubuhi, akimimina chai.

"Bado nyekundu, fundi."

"Basi tusimharakishe."

"Nami nasema hivyo hivyo. Haraka haraka haina baraka."

Fundi Saa aliliamini neno lake. Kuinua mkia wa mbwa wa watu, mwenyewe ameketi pale na kikombe mkononi, aliona ni kukosa adabu. Basi wakakaa barazani, Njugu amelala upande huu na Jemedari upande ule kama abiria wasiojuana, na wao wakazungumza habari za marehemu wao, za magoti, na za wajukuu wasiopiga simu. Ilipofika siku ya kumi na tano Fundi Saa alitikisa kichwa na kutangaza kwamba wamechelewa kidogo tena. Mama Mapazia alisikitika kidogo, kisha akauliza kama kesho kuna chai.

Mara ya tatu ilikuja baada ya miezi minne tu. Kitabu kilisema sita. Fundi Saa alipekua kurasa mpaka akafika palipoandikwa kwamba wengine huwahi, hasa vijibwa vidogo, akakifunga kitabu kwa shukrani. Hata madume wa mtaani, ambao jike akinukia hujipanga langoni kutwa nzima, hawakuonekana. Akasema moyoni kwamba ni bahati. Kusema kweli alikuwa akimpenda yule mama, na mwenye kupenda haulizi sana.

Alhamisi moja Mama Mapazia aliingia na karatasi ya tangazo mkononi. Jumamosi mbwa wote wapelekwe uwanjani wakachanjwe kichaa cha mbwa, asibaki hata mmoja.

Fundi Saa alihisi chai ikimpanda puani. Daktari wa mifugo wa mtaa ule alikuwa mwanamke hodari mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kabla ya kudunga sindano alikuwa na desturi ya kusoma kadi ya mbwa kutoka juu hadi chini: jina, umri, na yote aliyowahi kufanyiwa, umati mzima ukisikiliza.

"Tutakutana huko, bila shaka," alisema.

"Bila shaka," alisema Mama Mapazia, macho kwenye kikombe. Siku hiyo aliondoka mapema.

Ijumaa asubuhi Fundi Saa alivaa koti lake la kuendea harusi za watu, akaenda kwa daktari, akafunga mlango nyuma yake.

"Daktari, nimekuja kujifedhehesha," alisema, na akaeleza yote, kuanzia wale watoto kumi na wawili. "Kesho ukifika kwa Jemedari, ule mstari wa kuhasiwa uruke. Nakuomba sana."

"Kwani akijua itakuwaje?"

"Hatakuwa na la kumleta kwangu tena." Alishika ukingo wa meza. "Mke wangu alipofariki nilinyamaza miaka sita, daktari. Sasa nikiamka asubuhi napanga vikombe viwili. Sitaki kurudia kimoja."

Daktari alivuta droo, akatoa kadi mbili, akaziweka mezani kando kando.

"Nitauruka, mzee wangu, usiwe na wasiwasi," alisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Ila itabidi niruke miwili. Jana jioni Mama Mapazia alikaa kwenye kiti hicho hicho akalia, akiniomba hayo hayo kwa ajili ya Njugu. Kizazi chake nilikitoa akiwa na miezi saba."