Rangi ya Be

Fundi, mwalimu mzee wa Kurani, alikuwa akiandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, Zalifa alipomkatiza.

"Hiyo herufi be si ya manjano. Be ni ya buluu."

Mama yake akajishika kifua. Alikuwa amemleta kutoka Ambanoro hadi Mahajanga anyweshwe kombe hilo, limtoke jini linalomwonyesha rangi katika herufi.

"Umesikia mwenyewe, fundi! Daktari Mfaransa alimpa dawa ya macho, wapi!"

Tone la zafarani lilidondoka kutoka kalamuni, likatambaa hadi ukingo wa sahani.

"Na sini?" fundi alimuuliza mtoto polepole.

"Nyeupe, kama wali."

"Hapo sawa. Lakini be..." Alimsogelea mtoto. "Be ni ya kijani. Tangu utotoni mwangu ni ya kijani, na sijamwambia mtu."

"Buluu!"

"Kijani, mjukuu wangu!"

Mama aliwatazama, huyu na huyu. "Fundi, na jini je?"

"Hapa hakuna jini, kuna mkaidi tu." Mzee aliiweka kalamu chini, akajifuta macho. "Kaeni hadi Ijumaa. Zimebaki herufi ishirini na sita."