Mgeni wa Migombani

Siku hizi kura yako haipokelewi mpaka umtaje mhamiaji haramu mmoja wa kata yako. Usipotaja, mashine inaandika jina lako wewe.

Wagombea wote waliahidi kuondoa wageni. Walibishana tu nani ataondoa wengi zaidi. Mimi sikutaka kumuumiza jirani, kwa hiyo nikamtaja baba mkwe, mzee Rutashobya, tuliyemzika hapo migombani mwaka juzi. Mashine ikapokea. Nikarudi nyumbani najiona mjanja, nikapika ndizi.

Jumanne wakaja maofisa wawili na majembe. Walikuwa na adabu zao. Walivua kofia, wakauliza kaburi liko upande gani, wakaomba na maji ya kunywa.

"Nani amemtaja baba yangu?" mume wangu aliuliza.

"Kura ni siri, mzee."

"Nimemtaja mimi!" nikasema. "Nilidhani marehemu hana pa kupelekwa. Futeni!"

"Mama, haturuhusiwi kukusikiliza. Kura ni siri."

Mume wangu hakunitazama.

Walipomaliza kufukua, mmoja akafungua kishikwambi chake akasoma: "Marehemu ana mtoto mmoja, Kaijage, na wajukuu watatu." Akamgeukia mume wangu kwa upole. "Wavalishe watoto masweta. Ng'ambo kuna baridi."

Nikakimbilia ndani kuchukua na langu. Ofisa akanizuia mlangoni.

"Wewe baki, mama. Wewe ni raia. Umepiga kura."