Vinchuka wa Dirishani kwa Casilda

"Huyu wa leo kashiba kabisa," Casilda alisema, akiweka kifuko cha nailoni juu ya meza ya zahanati.

Ndani alikuwemo vinchuka, mdudu wa nyufa za kuta anayenyonya watu damu wakilala, kisha anawanyea kwenye ngozi kinyesi chenye maradhi ya moyo. Tumbo lilimvimba kama zabibu.

Melitón, mpuliza dawa wa kijiji, aliona haya. Nyumba ya mjane huyu alikuwa ameipulizia tena na tena. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi walicheka chinichini.

"Don Melitón, unapuliza dawa au manukato?"

Alibeba bomba lake akaenda nyumbani kwa Casilda. Alisogeza kitanda, akamulika kila ufa. Hakuona mdudu, hakuona yai, wala michirizi ya kinyesi ukutani. Halafu, kama kawaida, Casilda alimpakulia supu ya karanga, na Melitón akamsimulia habari za vinchuka mpaka supu ikapoa.

"Umemwambia nini leo?" mama yake, Saturnina, alimuuliza jioni, akimkaangia mayai.

"Asiegemeze kitanda ukutani."

Mama alishusha pumzi. "Na mvi zote hizo kichwani mwako."

Mdudu yule alipelekwa maabara ya mjini, na majibu yalipofika, Melitón aliyasoma mara mbili. Damu iliyokuwa tumboni mwa mdudu ilikuwa ya kuku, na kuku hawabebi maradhi yale. Casilda hakufuga kuku. Alisema wanamfukulia vitunguu. Basi wadudu walitoka kwingine. Moyo ulimdunda: kumbe mwanamke huyu alikuwa akiwasaka huko nje ili yeye aje! Alivaa shati safi, akaenda.

"Doña Casilda, sema kweli. Unawatoa wapi?"

Casilda aliweka upawa chini. "Mimi? Nikiamka nakuta kifuko dirishani. Nilijua ni wewe unayekiacha, upate sababu ya kuja. Nikanyamaza, nisikuaibishe."

Walitazamana. Kisha wakaangua kicheko, supu ikaungua jikoni, na siku hiyo hakuna aliyetaja wadudu tena.

Melitón alirudi kwao akipiga mluzi. Alimkuta mama yake amechutama kwenye banda la kuku, kijiti mkononi, akichokoachokoa ufa wa ukuta.

"Umeshamwambia?" mama aliuliza bila kugeuka. "Maana wakubwa wamekwisha. Wamebaki wachanga tu."