Kopo la Wastaafu

Siku fundi alipoondoka, chuma chake cha kulehemu kilibaki mezani kikiwaka. Alikuwa ametoka mara moja kununua waya, akaanguka pale chini ya ngazi, hakuamka. Habari ilipomfikia mkewe kwenye kaunta ya duka lao huko juu, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kukichomoa chuma kwenye umeme. Mpaka leo hajui kwa nini alianza na hilo.

Sasa fundi ni yeye. Wateja wanamwita hivyohivyo, na kila wakimwita husubiri kidogo kabla ya kuitika.

Leo alizitambua hatua za mama mkwe ngazini kabla hajamwona: mguu mmoja, pumzi, mguu mwingine. Akatoka kumpokea. Mama mkwe alikuwa ameikumbatia kompyuta, kaifunga kwenye shuka kama mtoto mwenye homa.

"Imezima tena, mwanangu."

"Pole, mama. Si ungenipigia nikaifuata mwenyewe?"

"Na mimi nibaki nyumbani nikihesabu nzi?"

Kinyozi wa chumba cha jirani alichungulia, mashine mkononi. "Hiyo si ileile, mama? Mwaka huu imeshakuja kwa mkwe mara ngapi?" Akacheka. "Marehemu alipotengeneza kitu, hakikurudi tena."

Fundi aliipokea kompyuta na kuiweka mezani. Kinyozi hakuwa na ubaya. Mdomo wake tu ulikosa swichi.

"Ni umeme wa huko kwenu, mama," fundi alisema. " Unapanda na kushuka."

"Unapanda na kushuka sana," mama mkwe alikubali. Akaketi kwenye kiti cha mwanawe, akalinyoosha goti bovu na kuliegesha juu ya boksi.

Fundi alifungua skrubu, akaitoa bodi na kuiweka chini ya taa. Hakuhitaji mita ya kupimia umeme. Mumewe alimfundisha kuanza na macho, kisha pua. Kati ya kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyosimama kwa safu, moja ilikuwa imetuna kichwa na kutoa uchafu wa kahawia.

"Yupi leo?" mama mkwe aliuliza, akisogeza kiti.

"Huyu. Ona kichwa chake."

"Maskini. Kama mjomba wenu akishashiba."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Fundi akachomeka chuma kipate moto. Huo ndio ulikuwa wakati wa mazungumzo.

"Nilishakwambia mumeo alivyoifungua saa ya kengele?"

"Hujaniambia," fundi alisema. Alishaambiwa.

"Alikuwa mdogo hivi. Kaipasua yote, kaiweka chini ya godoro, ati asubuhi ya shule isifike."

"Ikafika?"

"Ikafika. Na fimbo ikaja nayo."

Kwingine kote jina la mumewe lilikuwa halitajwi tena. Shemeji alikuwa mtu wa kusema tusonge mbele. Wateja walibadilisha mazungumzo wakidhani wanamsaidia. Ni hapa tu, bodi ikiwa wazi mezani, ndipo alipotajwa kama mtu aliyetoka kidogo na atarudi na chenji.

Chuma kilipata moto. Fundi aligeuza bodi, akayeyusha risasi ya kulehemea kwenye mguu mmoja, kisha wa pili, akaitikisa kapasita polepole mpaka ikatoka. Ilikuwa na miguu mifupi, iliyokatwa. Akaitupa kwenye ndoo.

"Daktari amesemaje kuhusu goti?"

"Amesema nisipande ngazi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sawa, baba. Mimi ni mtu wa kusema sawa."

Fundi alilitazama goti lile juu ya boksi. Lilikuwa limejaa, ngozi imevutika na kung'aa. Akaangalia pembeni haraka.

Rafuni palikuwa na makopo mawili. Jekundu lilikuwa la kapasita mpya. La maziwa lilikuwa la zile za miguu mifupi ambazo marehemu alizing'oa kwenye bodi za zamani, akazipima, akakuta bado zina nguvu kidogo. Hakuwahi kuzitupa. Aliziita wastaafu. "Mstaafu hakatai kazi," alizoea kusema, "ila usimtume mbali." Mama yake aliucheka utani huo kila aliposikia, hata pale alipoutabiri.

Fundi alisafisha matundu ya bodi, akakaa kidogo mikono ikiwa mapajani. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kazi. Leo aliamua kuitengeneza kompyuta hii isirudi tena. Mama mkwe atulie nyumbani, acheze zile karata za kwenye kioo alizofundishwa na mwanawe, goti lipoe. Kiti kile kingebaki kitupu. Lakini kiti si goti.

Akashusha kopo jekundu. Akachagua kapasita moja, akasoma namba zake, akaulinganisha mstari mweupe na upande wa hasi. Miguu yake ilikuwa mirefu, inang'aa chini ya taa. Akaisogeza kwenye matundu.

Mama mkwe aliinama mbele na kuweka kiganja juu ya mkono wake.

"Si huyo, mwanangu," alisema. "Niwekee mstaafu, kama siku zote."

Fundi akalirudisha kopo jekundu rafuni, akashusha la maziwa. Mwezi ujao kompyuta itazima tena.