Mpaka wa Masufuria

Zama hizo gari la wagonjwa lisilo na dereva lilifika tu mahali penye makala katika Ensaiklopidia ya Taifa, na mtaa wa kina Mkunde, Ng'ambo ya Reli, haukuwa nayo. Wagonjwa walibebwa mgongoni hadi relini. Mama yake Mkunde, kwa miguu yake iliyovimba, hakuwa ameonana na daktari tangu masika.

Ndiyo maana Mkunde alikuwa jikoni, akibishana na mhariri wa ensaiklopidia hiyo kwenye skrini ya ukutani.

"Ng'ambo ya Reli ni jina la mitaani tu, dada yangu," mhariri alisema. "Linaanzia wapi, linaishia wapi?"

"Linaishia sufuria zinapoishia, kaka. Kwetu ukitokea msiba, kila nyumba hupeleka sufuria kwa wafiwa. Asiyepeleka si wa kwetu."

Mhariri akasogea karibu. "Haya, ushahidi?"

Mkunde akacheka. Msiba wa mwisho ulikuwa wa baba yake, na masufuria ya watu yalikuwa bado hapo jikoni, yakingoja arobaini. Akayageuza moja moja, kila kitako kikiwa na jina la nyumba kwa rangi. Mhariri akayasoma yote, akachora mpaka, akapitisha makala.

Asubuhi gari likaja kweli, likikusanya wagonjwa. Mkunde akamshika mama mkono, wakasimama mlangoni. Likasimama kwa jirani wa kulia. Likawapita wao kana kwamba pale hapana nyumba, likasimama kwa jirani wa kushoto.

"Mwanangu," mama akauliza taratibu, "kwani sisi tulijipelekea sufuria?"