Kitabu cha Watu Sita

Profesa aliniuliza damu inavyozunguka mwilini, nami nikaeleza vizuri tu mpaka nikakwama katikati ya sentensi.

Sikuwa nimesahau. Ukurasa wangu wa mwisho unaishia pale. Bei ya kitabu cha somo lile haishikiki, basi tulichanga watu sita tukanunua kimoja, na fundi wa kujalidi akakigawa kwa kisu bila kujali sentensi imefika wapi. Kila mtu alibeba kipande chake, kingo zikinata gundi. Kubadilishana tulikuwa bado.

Profesa akanitazama juu ya miwani. "Endelea, mwanangu."

Nyuma yangu, mwenye kipande cha mapafu akaidaka sentensi yangu palepale ilipokatwa. Alipokomea yeye, mwenye ini akapokea. Kisha mwenye figo. Sauti ikahama dawati hadi dawati, nami nikahisi mwili mzima unapumua mle darasani.

Profesa alikuwa akitufuatilia kwa kidole kwenye kitabu chake. Kidole kikasimama. Akakifunga kitabu, akabaki kusikiliza.



"Hicho kitabu chenu," Profesa akasema taratibu tulipomaliza, "hebu nikione."

Tukasimama wote sita.